Maneno ya Binti Mfinyanzi

Kihonda, Morogoro
2 Julai 2024

Mjomba wangu mpendwa Hatibu,

Shikamoo. Natumaini uko salama huko Kinole, wewe na mkeo, mkaza mjomba Zuhura, na kwamba goti lako linakuacha ulale. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Ndizi na pilipili manga ulizompa Rehema zimefika zote. Mama ameficha kichane kimoja chini ya kitanda kiivie huko, anadhani sijui.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu yako nimeipiga mpaka yule dada anayesema namba haipatikani tumezoeana. Nikaona nimpe Rehema karatasi. Kila Jumanne na Jumamosi anashuka na kenta la ndizi, basi atakuwa tarishi wetu.

Iko hivi. Shuleni kwetu tumepata projekta, na kamati ya wazazi imekubali nifanye jambo nililolitamani siku nyingi: jioni ya filamu za zamani kwa familia. Baba, mama, watoto, mabibi na mababu, kila nyumba na mkeka wake, pale uwanjani. Ukuta wa darasa la sita tutaupaka chokaa, ndiyo pazia letu. Siku hizi nyumba moja ina watu watano na simu tano, kila mtu anacheka peke yake kwenye kona yake. Nataka wacheke pamoja hata mara moja.

Wazee wamechagua filamu ya Kihindi wanayoiita Binti Mfinyanzi, iliyoonyeshwa mjini mwaka 1986. Doreen, mama wa mwanafunzi wangu mmoja, amepata nakala kwa kaka yake Dar. Haina maandishi ya Kiswahili. Nikauliza kikaoni tutaelewaje. Mwenyekiti wetu Mzee Gabrieli, fundi mstaafu, akasimama. "Mwalimu," akasema, "filamu hii haionyeshwi bila Hatibu. Alikuwa anasimama kushoto kwa pazia, anatafsiri kila neno. Binti akilia, Hatibu analia. Tajiri akinguruma, Hatibu ananguruma. Wengine tulikata tiketi kumsikiliza yeye."

"Hatibu yupi?" nikauliza.

"Hatibu wa Kinole."

Mjomba! Miaka thelathini na mitatu mimi ni mpwa wako na sijui kwamba ulikuwa mfasiri wa sinema! Nimemuuliza Mama. Alicheka mpaka akashikilia mlango, halafu akasema, "Muulize mwenyewe."

Ni Jumamosi tarehe 31 Agosti. Njoo ututafsirie. Na hata bila filamu, mjomba, hujakanyaga kwetu tangu mazishi ya Baba. Ni miaka kumi na miwili.

Mpwa wako,
Zuleha

*

Kinole
13 Julai 2024

Mpwa wangu Zuleha,

Marahaba. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimekata, asubuhi ukungu unakaa mpaka saa nne, na Zuhura anasema ukungu ndio unanifanya mvivu.

Jambo lako ni zuri na ningependa kulisaidia. Lakini kwanza goti. Pili, pilipili manga ndizo hizi zinaanikwa. Nikigeuka tu kuku wanaingia. Tatu, meno yangu mawili ya mbele yametoka, na mtu asiye na meno ya mbele akitafsiri mapenzi, maneno yanatoka na upepo. Nne, Kihindi chenyewe nimekisahau. Lugha ni kama njia ya shambani, isipopitwa inafunga nyasi.

Kuna vijana siku hizi wanatafsiri filamu kwenye mabanda, tena kwa kasi. Tafuteni mmoja wao.

Mwambie mama yako ndizi ziivishwe kwa kufunikwa majani ya mgomba. Chini ya kitanda zinaivia panya.

Mjomba wako,
Hatibu

*

Kihonda
16 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Poleni na ukungu. Sisi wazima, ila Mama amekasirika kujua umejua habari ya ndizi.

Sababu zako nne nimezisoma. Goti utalikalisha kwenye kiti. Pilipili atazilinda mkaza mjomba. Meno hayaonekani gizani. Na Kihindi utakikumbuka ukishawaona watu wenyewe ukutani.

Ijumaa tulifanya jaribio darasani na familia chache, bila tafsiri. Dakika ishirini tu, mjomba. Watoto walianza kuuliza, "Anasema nini? Anasema nini?" Baba mmoja akajibu, "Anasema tulieni." Wakaondoka mmoja mmoja. Nilibaki nakunja mikeka na Mama, nikalia kidogo, maana kwenye kamati wapo waliosema tangu mwanzo kwamba hili ni jambo la kipuuzi, na kwamba likishindikana projekta itarudi ofisini kufungiwa. Mama akaniambia, "Bila sauti ya Hatibu ile ni picha ya watu wanaogombana tu."

Nisamehe, lakini nimeshatangaza jina lako. Limebandikwa getini, na watu wameanza kuuliza hata kutoka Bigwa.

Na nina habari itakayokutia moyo. Kuna mzazi anaitwa Simon, mhadhiri wa chuo. Alisoma India miaka sita na Kihindi anakizungumza kama wenyewe. Amefurahi sana kusikia habari zako. Atakaa mstari wa mbele kabisa, ukikwama kwenye neno akusaidie!

Mpwa wako anayekusubiri,
Zuleha

*

Kinole
27 Julai 2024

Zuleha mwanangu,

Salamu nitazipunguza leo. Sisi wazima. Ukishafungua barua hii funga mlango uisome peke yako, na mama yako usimsomee.

Mimi Kihindi sikijui. Sikukisahau, sikuwahi kukijua.

Mfasiri wa kweli pale sinema alikuwa Mansuri, Mungu amrehemu. Alikulia kwenye nyumba ya Wahindi na lugha yao aliijua. Mimi nilikuwa mkata tiketi mlangoni. Siku moja Mansuri akaugua malaria, ukumbi umejaa, mwenye sinema akanishika mkono: "Wewe umemsikia kila siku, simama." Filamu ile nilikuwa nimeisikia mara tisa, nikarudia alivyosema. Watu wakapiga makofi. Baadaye Mansuri akahamia Tabora, ikaja filamu mpya ambayo sijawahi kuisikia, na mwenye sinema akadhani najua. Nikatazama nyuso zao, nikatunga. Nilitunga miaka minne, Zuleha. Sikuwahi kukamatwa.

Hilo lingekuwa la kuchekesha, lakini kuna la pili. Mwaka ule wa Binti Mfinyanzi, mama yako alikuwa msichana, anafanya kazi mjini ya kushona vifungo kwenye duka la Bibi Kamla. Wajomba zetu walikuwa wamempatia mchumba, mwenye mali kutoka Matombo, na mahari yalikuwa yaletwe wiki inayofuata. Siku hiyo mama yako, Asia wangu, alikuja sinema. Mwisho wa filamu, binti anapiga magoti mbele ya baba yake, anavishwa maua, anaolewa na tajiri. Kila mwenye macho aliona anakubali. Mimi nikamwona mdogo wangu amekaa pale, ameinamisha kichwa, nikamtia binti maneno yangu: "Baba, nakuheshimu kama jua, lakini hata jua halimchagulii mtu kivuli cha kukaa." Nikasema anapiga magoti kuaga, alfajiri ataondoka na fundi wake, yule kijana maskini anayempenda. Ukumbi ulilia.

Siku tatu baadaye Asia akasimama mbele ya wajomba akamkataa yule wa Matombo. Akaolewa na baba yako, fundi ujenzi mwenye baiskeli na pimamaji. Alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya marehemu. Lakini nilimwona mama yako akihama vyumba, akikaanga vitumbua na wewe mgongoni, na siku ya mazishi nikamsikia shangazi yenu mmoja akisema, "Angeolewa Matombo asingefika hapa." Nikajiambia, Hatibu, hayo yametoka kinywani mwako. Ulimdanganya mtoto wa mama yako mbele ya watu mia tatu. Tangu hapo sikuweza kumtazama usoni. Natuma ndizi.

Sasa wewe unataka nisimame tena, filamu ile ile, na mtu aliyesoma India amekaa mbele. Ondoa jina langu getini, mwanangu. Sema naumwa.

Mjomba wako,
Hatibu

*

Kihonda
30 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba unisamehe kabla hujaendelea kusoma.

Nilifunga mlango kama ulivyosema. Lakini nilipofika pale uliposema hukuwahi kukamatwa, nilicheka kwa sauti. Mama akagonga. Nikasema si kitu. Akasema, "Barua ya Hatibu si kitu?" Akaingia, akakaa kitandani. Mjomba, mama yangu akishakaa hivyo huwezi kumtoa. Nikamsomea yote.

Alisikiliza ameshika shavu. Nilipomaliza akasema, nami naandika kama alivyotamka:

"Hatibu hajui Kihindi? Hiyo ndiyo siri? Mimi nilijua tangu filamu ya pili. Bibi Kamla alikuwa anakaa juu na wanawake wenzake, wanacheka wakati sisi huku chini tunalia. Nikamuuliza dukani, akaniambia, 'Kaka yako mwongo sana, lakini filamu zake nzuri kuliko zetu.' Kila filamu ilipoisha alikuwa ananieleza ilivyokwisha kweli. Ya Binti Mfinyanzi yeye alitangulia kuiona, kwa hiyo nilijua kabla sijaingia."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ulijua binti alikubali?"

"Nilijua. Na mimi nilikuwa nimeshakataa moyoni. Nilikwenda sinema kupumzisha kichwa. Halafu mwambie kaka yangu hivi: niliyowaambia wajomba hayakuwa maneno yake. Jua, kivuli, sijui nini, mimi siongei hivyo. Yangu yalikuwa yangu. Yule fundi nilimchagua mimi, na vitumbua nilikaanga mimi, na sijutii. Hatibu asinipore."

Kisha sauti yake ikabadilika. "Miaka kumi na miwili nilidhani ndugu yangu ananikwepa kwa sababu mimi ni mjane maskini. Kumbe kwa sababu ya sinema?" Hapo alikasirika, mjomba. Alitoka nje akafua nguo zilizokuwa safi.

Jina lako sijaliondoa getini. Sijui kama nimefanya vizuri.

Zuleha

*

Kihonda
24 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ni wiki ya nne hakuna jibu. Rehema anasema barua uliisoma ukiwa umesimama, ukaikunja, ukaenda shambani bila jembe. Ndizi pia hazijaja, na Mama ameuliza mara mbili.

Filamu ni Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili na nusu. Usipokuja Simon atajitahidi peke yake, na watu sitawaambia chochote kibaya juu yako. Nilitaka tu ujue hivyo.

Zuleha

*

Kinole
7 Septemba 2024

Mpwa wangu Zuleha,

Salaam. Nimefika nyumbani salama, goti limevimba lakini kwa heri. Nashukuru kwa yote.

Jambo ambalo hukuliona nikuambie. Jumapili asubuhi ulipokuwa bado umelala, mama yako alinipa chai, halafu akanipa jembe. Tukaenda kwenye kaburi la baba yako, tukapalilia. Nilimwomba radhi, akasema, "Hapo umeacha jani." Nikaling'oa.

Sasa nina shida. Nimemsimulia Zuhura yaliyotokea jioni ile ya filamu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haamini. Anasema miaka thelathini ameishi na mimi na chumvi yangu anaijua. Nikimwambia habari ya Asia na maiki anatikisa kichwa, "Hapo umetunga." Nimeapa. Anasema hata kiapo nimekitunga.

Basi niandikie wewe, mwalimu, mtu wa serikali. Andika ulichokiona, usiongeze wala usipunguze.

Mjomba wako,
Hatibu

*

Kihonda
14 Septemba 2024

Mjomba wangu na mkaza mjomba Zuhura,

Shikamooni. Sisi huku wazima, na mimi ni mzima zaidi ya kawaida. Mkaza mjomba, barua hii ni yako. Hapa anaongea shahidi.

Saa kumi alasiri kenta la Rehema lilisimama getini na mjomba alikuwa nyuma, katikati ya mikungu ya ndizi, kanzu nyeupe na koti la kahawia. Rehema alipanda mlimani mara ya pili siku hiyo kwa ajili yake tu. Mama alikuwa anatandika mkeka. Mjomba alisimama mbele yake na kofia mkononi, akasema, "Asia." Mama akamtazama kitambo, akasema, "Shika upande huo, unajikunja." Mjomba akashika. Wakatandika mkeka wote wawili, na mimi nikaenda kujishughulisha na waya.

Watu walikuja, mkaza mjomba. Nilihesabu mikeka mpaka sitini nikaacha. Walikuja na chupa za chai, bisi, mihogo ya kukaanga, watoto wachanga, na bibi mmoja alibebwa na kiti chake. Wale wa kamati waliosema ni upuuzi walikuja mapema kuwahi nafasi.

Kabla picha haijaanza mjomba alichukua maiki. Akasalimu Waislamu, akasalimu Wakristo, kisha akasema, "Nina neno. Kihindi sikijui. Mwaka ule sikukijua na leo sikijui. Niliwatungia. Naomba radhi kwa wote."

Nikafikiri imekwisha. Mzee Gabrieli akainuka taratibu na fimbo yake.

"Hatibu," akasema, "tulijua!"

"Mlijua?"

"Kuna jambazi ulituambia ametoka Ifakara! Jambazi wa Kihindi, ana kilemba, ametoka Ifakara?"

Mkaza mjomba, kicheko kile kilisikika barabarani. Wazee walikuwa wanafuta machozi, kila mmoja anakumbusha uongo wake. Mmoja alisema kuna mfalme aliyelalamika bei ya saruji. Mjomba alisimama pale ameduwaa kama mtu aliyejificha mvua chini ya mti kumbe mvua ilikatika zamani.

Kisha akamwita Simon. "Huyu ndiye anayejua. Mpeni maiki." Simon akasimama, akasema, "Tugawane, mzee. Mimi nitasema walichosema. Wewe sema walichotaka kusema."

Ndivyo ilivyokuwa. Simon kulia, mjomba kushoto. Mfinyanzi alivunja nyungu, Simon akasema, "Anasema nyungu imepasuka." Mjomba akatazama uso wa yule mzee ukutani, akasema polepole, "Anasema, mke wangu angekuwa hai, nyungu hii isingepasuka." Simon aligeuka akautazama tena ule uso, akatikisa kichwa kukubali. Tajiri alipoingia na farasi mjomba alisema farasi mwenyewe anaona aibu kumbeba, na watoto walianguka mikekani. Meno yake mawili yaliyotoka hakuna aliyeyakumbuka. Wakati wa Isha tulipumzika, waliokwenda kuswali wakaenda, wengine wakabadilishana bisi na chai na watu ambao mchana hawasalimiani. Hakuna aliyeondoka.

Sasa tufike hapo unapobisha. Ulifika mwisho wa filamu. Binti anatembea na maua kuelekea kwa baba yake. Simon akainua maiki, akamtazama mjomba, akaishusha. Mjomba naye akaishusha yake. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Babu, anasema nini?"

Ndipo Mama akainuka kwenye mkeka. Alijifunga khanga vizuri, akapita katikati ya watu, "Samahani, samahani," mpaka kwa kaka yake, akamtoa maiki mkononi. Hakuitazama filamu. Aliwatazama watu. Akasema:

"Anasema: Baba, huyu simtaki. Alikuja kunitazama kama anatazama mbuzi mnadani, hata jina langu hakuuliza. Namtaka yule fundi. Najua hana kitu. Lakini juzi niliongea naye tangu sokoni mpaka darajani, na tulipofika darajani alikumbuka kila nilichosema."

Akarudisha maiki.

Kule ukutani binti alikuwa amepiga magoti, anavishwa maua, lakini hakuna aliyekuwa anatazama ukuta. Halafu akina mama wakapiga vigelegele, na Simon akasema kwenye maiki yake, "Tafsiri hiyo ni sahihi kabisa."

Mimi nilikuwa nyuma, kwenye projekta. Baba alikufa nikiwa na miaka ishirini na moja na sijawahi kujua kwa nini Mama alimchagua. Nimejua siku ile, mbele ya watu wote wale, nikiwa nimeshika waya. Mjomba alikuwa analia waziwazi, na Mama alimpa ncha ya khanga yake ajifute, akamwambia kitu sikioni. Hicho sikukisikia, kwa hiyo sikiandiki. Muulize mwenyewe, na akikujibu mwamini.

Projekta haijafungiwa ofisini. Jumatatu wakati wa mapumziko niliwakuta darasa la nne wanacheza: watatu wanagombana bila sauti, na Sharifa mdogo, binti wa Doreen, amesimama kushoto anasema wanachotaka kusema. Nilipitiliza kengele kwa dakika kumi nikiwasikiliza. Mwalimu mkuu hajui.

Hayo yote ni kweli, mkaza mjomba, sijaongeza wala kupunguza. Na kama bado unabisha, shahidi wa pili yuko mbele yako. Barua hii sikumpa Rehema. Nimempa Mama, naye amepanda mbele ya kenta na kilemba chake kipya, anasema Kinole ni kwao na hahitaji mwaliko. Mjomba, hapo uliposimama acha kusoma, ukampokee. Begi la kijani ubebe wewe, ni zito. Amekuja na cherehani.

Mpwa wenu,
Zuleha